Chuma Ndani ya Punje, Haki Shambani

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 58 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini mwetu walipungukiwa damu. Sisi wa Bonde la Kilombero, tunaolisha miji kwa mpunga wetu, hatuwezi kulinyamazia jambo hilo.

Wataalamu wanatafuta tiba ndani ya punje. Bangladesh iliidhinisha mpunga wenye zinki nyingi mwaka 2013, uliopatikana kwa kuchavusha aina za kawaida. Wengine hupandikiza vinasaba ili chuma kifike hadi kwenye kiini cheupe kinachobaki baada ya mashine kukoboa. Hatuupingi ujuzi huo. Tunapinga kusahauliwa kwa mkulima.

Mbegu hizo zikija, zipimwe hapa Ifakara, katika kituo cha utafiti cha umma, mbele ya wakulima. Ziwe mbegu za kuhifadhiwa ghalani na kugawiwa jirani, si za kununuliwa kila msimu. Mama anayeuza mpunga wake wote kwa bei ya kutupa ili alipe deni la mbolea, habakiwi na punje ya kumlisha mwanawe, hata kama ingejaa chuma. Kwa hiyo tunadai yote mawili: mbegu iliyo mikononi mwa mkulima, na bei ya haki.