Mlalamikaji na Mlalamikiwa: Lugha na Haki katika Tuhuma za Kingono

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kumtenga mtu aliyesemwa na mtu aliyethibitika kukosa. Mtuhumiwa ni anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa mbele ya chombo cha kumsikiliza. Mkosaji ni yule ambaye hatia yake imethibitika. Hata hivyo, zinapozuka tuhuma za kingono dhidi ya mwalimu au kiongozi wa dini, ngazi hizi hurukwa. Hapa Rwamishenye, jina lililotajwa asubuhi huweza kufika Muleba kabla ya jua kutua, na huko huwa limekwishageuka kuwa "mbakaji". Mwanamke aliyelalamika naye huwa amekwishapewa jina lake, nalo si zuri. Wote wawili wamehukumiwa, na hakuna aliyesikilizwa.

Wapo wanaodai kwamba kusisitiza utaratibu ni kuwakinga wenye vyeo. Dai hili si la kupuuzwa, kwani wengi walionyamazishwa waliambiwa wasubiri utaratibu usiokuwapo. Lakini tukumbuke Mzee Punch wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani bila jina la mwandishi, ikiwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike. Aliyebandikwa hakuwa na pa kujibu. Mnamo Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Yalikosekana mambo mawili kwa pamoja: mamlaka ya kumlinda mlalamikaji kwa wakati, na kanuni ya kuzuia hukumu ya ukutani. Leo ukuta huo umo ndani ya simu.

Shauri la mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson linafundisha zaidi. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kuwabaka na kuwalawiti watoto; Mahakama ya Rufani ilithibitisha hatia yao mwaka 2010, ikawaachia wana wengine wawili wa Nguza. Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliona kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa, kwa kuwa, miongoni mwa mambo mengine, hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi. Wengi hulitazama jambo hili kwa upande wa wafungwa tu. Mimi nawatazama pia wale watoto. Kasoro ya utaratibu iliacha ushahidi wao ukibishaniwa vijiweni miaka yote hiyo. Kwa maoni yangu, haki ya mlalamikiwa kusikilizwa ndiyo inayolipa neno la mlalamikaji uzito usioweza kutiliwa shaka kirahisi.

Sheria yetu inaruhusu uzito huo. Tangu mwaka 1998 Sheria ya Ushahidi inaiwezesha mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Ibara ya 13 ya Katiba, kwa upande wake, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sioni mgongano hapo.

Lugha ina lawama yake. Tazama istilahi "rushwa ya ngono". Rushwa ina mtoaji na mpokeaji. Basi msichana aliyelazimishwa na mwalimu anageuzwa mtoaji, mshirika wa kosa! Kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007 kinamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti. Istilahi tuliyoizoea inalificha hilo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Idara za Kiswahili hazina budi kushiriki kuandika kanuni za shule, vyuo na taasisi za dini. Napendekeza "mlalamikaji" na "mlalamikiwa" yatumike hadi uamuzi utolewe. Mlalamikiwa apewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujibu. Mlalamikaji asihojiwe mbele yake pasipo ulinzi, wala asidaiwe kueleza upya kwa kila ofisa. Aidha, majina yao yasitangazwe, na mwalimu asihamishiwe kimyakimya shule nyingine shauri likiwa halijaamuliwa. Uhamisho wa namna hiyo humnyima mlalamikaji jibu, humnyima asiye na hatia nafasi ya kusafishwa, na shule inayompokea haiambiwi lolote.