Jamani, Zebaki Imewakosea Nini?

Wadau, kila wakisema sayari ya Zebaki inarudi nyuma, stetasi zinajaa: usisaini mkataba, usinunue simu, usirudiane na mtu wako wa zamani. Kuna dada mmoja staa wa hapa mjini, jina kapuni, kaachika juzi naye anailaumu Zebaki. Dada, vituko vya yule kaka tuliviona sote, na sayari haikuwepo!

Ukweli ni kwamba Zebaki hairudi popote. Inalizunguka jua kwa siku 88, sisi 365, sasa ikitupita ndo tunaiona kama inarudi. Ni macho tu. Inatokea mara 3 au 4 kwa mwaka, kila mara wiki 3 hivi. Yaani kwa uchache wiki 9 za visingizio.

Mimi mwenyewe ni Mapacha, nyota nasoma kila asubuhi, sidanganyi. Mwaka jana nilimkosea rafiki yangu nikasubiri Zebaki ikae sawa ndo nimwombe msamaha. Ilipokaa sawa, alikuwa keshaniblok. Leo nampigia kwa simu ya mdogo wangu. Wakati naandika hivi, mikono inatetemeka.