Vita dhidi ya salfa vyafichua fumbo la joto duniani

Kwa miaka mingi, watafiti wa mafuta ya meli walikabiliwa na swali moja: je, salfa itaondolewaje? Sasa limezuka la pili, gumu zaidi: itaondolewaje bila kuzidisha joto duniani?

Mnamo Januari 1, 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) lilipunguza salfa inayoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Nia ilikuwa njema. Moshi wa salfa hudhuru mapafu na moyo, na husababisha mvua ya asidi. Wakazi wa miji ya bandari, Mombasa ikiwemo, ni miongoni mwa wanaouvuta.

Hata hivyo, chembechembe za salfa hurudisha sehemu ya miale ya jua angani na kuyafanya mawingu ya baharini yang'ae zaidi. Hivyo, zilikuwa zikificha sehemu ya joto linaloletwa na gesi ya kaboni. Zilipopungua, pazia lilifunuka. Wanasayansi wangali wanavutana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, hasa baada ya rekodi za joto kuvunjwa mnamo 2023 na 2024.

Sera za tabianchi nazo zimegeuza mkondo wa utafiti. Baadhi ya wenye meli walikuwa wameweka mitambo ya kuosha moshi ili waendelee kutumia mafuta mazito ya bei nafuu. Mitambo hiyo hunasa salfa, lakini hula nishati zaidi na haizuii kaboni. IMO ilipoazimia mnamo 2023 kukomesha mchango wa meli katika ongezeko la joto kufikia 2050 au karibu na mwaka huo, macho yalielekezwa kwa amonia na methanoli, ambazo hazina salfa. Nazo zitafaa tu zikitengenezwa kwa nishati safi.

Wapo pia wanaochunguza uwezekano wa kunyunyiza salfa angani makusudi, wakikumbuka jinsi mlipuko wa volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ulivyopoza dunia kwa karibu nusu digrii baada ya 1991. Suala hilo lilijadiliwa jijini Nairobi mapema 2024 katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mataifa ya Afrika yalilitilia shaka, na mkutano ukamalizika bila mwafaka.

Kuirejesha salfa hakutaondoa kaboni hata chembe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.