Mkate Uokwe Lulindi

Makundi mawili ya watu yameudhulumu mkate katika nchi ya kusini, toka Masasi mpaka Newala. La kwanza ni la wale wasemao kwamba mkate ni chakula cha kigeni. Kwamba mtu wa uwanda wa juu wa Makonde alikuzwa kwa ugali wa muhogo na wa mtama, na kila kipande cha mkate alacho ni kujipendekeza kwa watu wa mbali. La pili ni la wale wasemao kwamba mkate ni mmoja tu duniani, nao ni ule mweupe wa kiwandani, uliokatwa vipande sawasawa na kufungwa katika mfuko uliochapwa jina. Mwingine wote ni mchezo wa jikoni. Makundi haya hubishana sana, lakini katika jambo moja yamepatana: yote mawili hayana nafasi kwa mwokaji wa kijijini. La kwanza halimtaki kwa sababu anaoka. La pili halimtaki kwa sababu anaokea kijijini. Madai ya makundi yote mawili ni batili, na hasara yake huwaangukia watu wa mahali kama Lulindi.

Lulindi ni mahali padogo katika wilaya ya Masasi, upande uelekeao Newala. Wamakua, Wayao na Wamakonde wamechanganyika huko kwa vizazi vingi. Hulima muhogo, mtama, mahindi, mbaazi, ufuta na korosho. Misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa jina la UMCA ilijenga huko kanisa na hospitali. Ni mahali pafaapo kuupima ubishi huu, kwani ngano haioti huko, na hata hivyo mkate unaliwa.

Na tuanze na lugha, maana ndiyo shahidi asiyehongwa. Kiswahili hakikuufunga mkate katika ngano hata siku moja. Mkate wa kumimina hufanywa kwa mchele na nazi. Mkate wa mofa, ambao watu wa pwani ya kaskazini waliuoka katika matanuri madogo ya udongo, ni wa mtama. Mkate wa ufuta wa Unguja una unga wa ngano, lakini utamu wake wote ni wa ufuta. Hata tumbaku iliyofinyangwa ikawa bonge moja imeitwa mkate wa tumbaku. Basi mkate kwa Mswahili ni umbo na ni kazi ya mkono. Si jina la nafaka. Anayemwambia mama wa Lulindi kwamba mkate wake wa mahindi, uliookwa katika sufuria yenye makaa juu na chini, si mkate, hajui ngano wala hajui Kiswahili.

Waliotafsiri Injili walikutana na jambo hili hili. Katika Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, isomwayo na Waanglikana kama wale wa Lulindi, sala ya Bwana huomba riziki. Wakatoliki, ambao abasia yao ya Wabenediktini imekuwapo Ndanda, jirani na Masasi, tangu mwaka 1906, huomba mkate. Hakuna aliyekosea. Neno moja lamwambia mtu kwamba chakula chake chatoka kwa Mungu. La pili lamkumbusha kwamba chakula hicho lazima kisagwe, kikandwe na kiokwe na mtu. Mwokaji ni mahali ambapo riziki na kazi hukutana.

Wale wasemao kwamba mkate ni wa Wazungu hawana historia ya kuwasaidia. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika jangwa la Yordani yamepatikana mabaki ya mkate ulioteketea motoni yapata miaka 14,400 iliyopita. Waliouoka walikuwa wawindaji, wakiokota mbegu za porini; kilimo kilikuwa bado hakijaanza mahali pale. Mkate, basi, umewatangulia wafalme, madola, na hata jembe. Wamisri waliuoka ukiwa umeumuka. Wahabeshi wanafanya injera kwa nafaka yao ya tefu, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Kila taifa lililopata nafaka, jiwe la kusagia na moto, limefika kwenye mkate kwa njia yake.

Lakini kundi hilo la kwanza lina chembe moja ya kweli, nayo haifai kufichwa. Ni kweli kwamba ngano katika pwani hii ilikuja kwa mashua. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara katika karne ya kwanza, chataja bidhaa zilizoletwa katika bandari za pwani hii mpaka Rhapta. Pamoja na mikuki na mashoka, chasema kwamba mahali pengine ililetwa divai kidogo na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia mapenzi ya wenyeji. Neno hilo lastahili kusomwa polepole. Ngano iliingia kama zawadi, na zawadi ile ilikuwa na shabaha. Karne kumi na nane baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja akawaweka Masasi, mkate wa ngano ulikuja tena pamoja na ibada ya altare, katika nchi isiyolima ngano. Kwa mara ya pili ngano ilikuwa kitu cha mgeni mkononi mwa mgeni.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Mkate si mgeni; mgeni ni yule aliyeushika. Kosa si kula mkate, kosa ni kuungoja.

Watu wa Masasi hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta na ya nafaka. Toka Julai 1946 hadi Julai 1948 hata mkate uligawiwa huko kwa vipimo. Ili kupata mafuta ya majarini ya kupaka juu ya mkate huo, serikali ya London ilianzisha mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga, na moja ya sehemu zilizofyekwa ilikuwa Nachingwea, jirani na Masasi. Matrekta yalikuja, reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara, fedha zikamwagwa kama maji. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Msitu wa kusini ulikatwa kwa ajili ya kifungua kinywa cha mtu wa Manchester, na mwenyeji hakuachiwa hata tanuri moja.

Ingedhaniwa kwamba uhuru uliwafundisha watu. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma lilijengewa Dar es Salaam kiwanda cha mkate cha mitambo iendayo yenyewe. Mchumi Andrew Coulson alikichunguza kiwanda hicho katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1979, akaonyesha kwamba mitambo ile iligharimu fedha nyingi na kuajiri watu wachache, ilhali matanuri madogo ya mjini yangeoka mkate uleule kwa gharama ndogo na kuwapa kazi watu wengi zaidi. Katika miaka hiyo hiyo, kwa msaada wa nchi hiyo hiyo, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang, yakafikia karibu ekari 100,000, juu ya malisho ya Wabarabaigi, ambao walilazimika kwenda mahakamani kuidai ardhi yao. Hivyo mkate mweupe wa mjini ulikuwa na bei mbili: moja ililipwa dukani, na ya pili ililipwa na mchungaji asiyeuonja. Baada ya hayo yote Tanzania imeendelea kununua ng'ambo sehemu kubwa ya ngano yake. Na vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka Februari 2022, ngano ilipanda bei duniani kote, na mnunuzi wa andazi katika kijiji asichokijua jenerali yeyote akawa miongoni mwa waliolipa.

Sasa na wasikilizwe wa kundi la pili. Husema, kwanza, kwamba mkate wa kiwandani ni bora, kwa maana chema chajiuza. Jawabu ni kwamba chema kisichoonjwa hakijiuzi. Mkate ni chakula chenye umri mfupi kuliko ua. Tangu utolewe motoni, wanga wake huanza kukazana, ganda hulainika na nyama yake huwa kavu. Toka Mtwara mpaka Masasi ni kiasi cha kilomita 200, na toka Dar es Salaam ni mbali zaidi. Mkate unaosafiri hivyo lazima uwekewe dawa za kuuchelewesha kuharibika na sukari ya kuuficha uzee wake. Na ukifika, kinachouzwa ni jina lililo juu ya mfuko. Uzuri wa mkate haupakiwi katika lori. Aliye karibu na tanuri anakula mkate. Aliye mbali anakula habari zake.

Husema, pili, kwamba mwokaji wa kijijini ni mchafu, tena hana saa: leo yupo, kesho hayupo. Wapo wachafu, haikanushwi. Lakini uchafu haukuanza kijijini wala haukuishia huko, nao hutibiwa kwa maji, sabuni, kifuniko na jicho la bwana afya, si kwa kumfukuza mwokaji. Na kwamba leo yupo na kesho hayupo, mwenye kulaumiwa ni mnunuzi. Mtu aoke kila siku kwa ajili ya nani, ikiwa harusi ikifika mkate waagizwa mjini, shule ikiwa na mgeni mkate waagizwa mjini, na sikukuu ya kanisa au maulidi vivyo hivyo? Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema; huyu amecheza kwao na ametunzwa kicheko.

Husema, tatu, kwamba hata mwokaji huyo hununua unga wa ngano uleule wa ng'ambo, basi tofauti iko wapi? Hii ndiyo hoja yao iliyo na nguvu, na jawabu lake liko shambani. Ngano ina protini ambayo ikikandwa huvutika kama mpira, nayo ndiyo ishikayo pumzi ya hamira hata mkate ukaumuka. Muhogo hauna kitu hicho. Anayedai kwamba unga wa muhogo mtupu utatoa mkate kama wa ngano anadanganya. Walakini sehemu ya ngano yaweza kutolewa na muhogo ukaingia mahali pake, na mkate ukaumuka vizuri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964. Na Nigeria, katika miaka ya 2000, iliwataka wasagaji kutia kumi katika mia ya unga wa muhogo. Mwokaji wa Lulindi hana haja ya amri ya serikali: muhogo uko nyuma ya nyumba yake. Sharti moja tu halisameheki. Muhogo mchungu una sumu, nao lazima umenywe, ulowekwe na ukaushwe barabara kabla ya kusagwa. Jambo hili akina mama wa uwanda wa Makonde walilijua kabla ya shule yoyote kujengwa. Katika kituo cha utafiti cha Naliendele, mkoani Mtwara, wataalamu wamefanya kazi miaka mingi juu ya mbegu za muhogo na magonjwa yake. Ujuzi wa bibi upo, ujuzi wa mtaalamu upo. Kilichokosekana ni tanuri la kuwakutanisha.

Tena kuna kitu ambacho hesabu haikipimi. Mwokaji huamka kabla ya alfajiri, akawasha kuni, huenda ni matawi makavu ya mkorosho uliopunguzwa. Donge alilokanda jana jioni limeumuka chini ya kitambaa. Tanuri likishapata moto, makaa huvutwa kando na mkate huingizwa. Harufu huenda nyumba kwa nyumba kabla ya jua, nayo haimchagui mwenye fedha. Mtoto aliyetumwa hurudi mbio na mkate uliofungwa katika kanga, akimega pembe njiani, na nyumbani hagombezwi sana, kwa kuwa aliyemtuma alifanya vivyo hivyo utotoni. Mkate ule huliwa kwa chai ya rangi na mbaazi za nazi. Mwenye kuuona umaskini katika meza hiyo, macho yake yamepofushwa na karatasi za kufungia.

Haitakiwi mtu yeyote kuacha ugali, wala haitakiwi kupigwa marufuku gari la mkate. Linalotakiwa ni dogo na ni la haki. Kamati ya harusi imwulize mwokaji wa kijiji kabla ya kupiga simu mjini. Shule na zahanati zinunue kwake kwa fedha taslimu, wala si kwa ahadi. Chama cha msingi kinachokopesha pembejeo za korosho kijue kwamba tanuri nalo ni pembejeo. Na vijana wanaojifunza ufundi wa kila namna wafundishwe pia kukanda, kuumua na kuoka, kwani kazi inayohitajiwa kila asubuhi haiwezi kuwa kazi duni.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala umekwisha kupita mara nyingi katika nchi ya kusini: umepita kwa mashua, kwa reli na kwa lori, na kila mara walioukimbilia wamebaki wamesimama juu ya udongo. Udongo huo huo, ukichanganywa na maji na kufinyangwa na mtu ajuaye, hutosha kujenga tanuri.