Shirika Huuzwa, Mteja Haulizwi

Watu wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, mashariki ya Kongo, wana ujuzi wa miaka mingi wa kubadilishiwa mabwana kwa maafikiano yaliyofanywa mbali, na watu wasiowajua, bila ya kutakwa shauri. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye biashara yake ya pembe na ya watumwa ilikuwa imeifanya Kasongo kuwa mji mkubwa wa bara, alifunga mkataba huko Unguja na Stanley, mjumbe wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, akawa liwali wa mfalme huyo katika maporomoko ya mto Kongo. Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Leopold yaliyoongozwa na Dhanis yakautwaa mji wa Kasongo uliokuwa chini ya mwanawe Sefu. Mapema mwaka 1894 Kabambare nayo ikaanguka. Na mwaka 1908 nchi nzima ikatolewa katika milki ya mfalme ikatiwa katika milki ya dola ya Ubelgiji, kwa kura zilizopigwa Brussels. Dhuluma ile ilimwaga damu, na jambo ninalotaka kulisema leo ni la biashara halali. Mambo mawili hayo hayalingani. Lakini kuna ada moja iliyobaki tangu zama zile, nayo ni ile ya kuuza na kununua kilicho chetu, sisi tukiwa ghaibu.

Jambo lenyewe ni la simu ya mkononi, na hasa la shirika lile ambalo wengi wetu tulilijua kwanza kwa jina la Celtel, kisha likaitwa Zain, na sasa laitwa Airtel. Katika muda usiotimiza miaka kumi lilihama kutoka kwa mwanzilishi wake Msudani likenda kwa matajiri wa Kuwait, na kutoka Kuwait likenda India, na baadaye sehemu ya hisa zake ikapelekwa sokoni London. Na katika safari hiyo yote mteja wake, ambaye hulipa fedha kabla hajatamka neno, hakuhesabiwa kuwa mwenye haki katika mauzo. Rai yangu ni kwamba yafaa ahesabiwe, na kwamba haki yake iandikwe katika sheria ya nchi, kwa sharti la minara katika vijiji ambavyo mpaka leo havina sauti.

Wenye umri watakumbuka hali ilivyokuwa. Simu ya kwanza ya mkononi katika nchi yetu, ile ya Telecel iliyoanzishwa na Miko Rwayitare katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa chombo cha mawaziri na matajiri wa Kinshasa, na bei yake haikumhusu mkulima wa mpunga wala mvuvi wa mto Lualaba. Huku kwetu habari zilikwenda kwa barua iliyofungwa katika mzigo wa baiskeli, au kwa foni, yaani redio ya mawasiliano, ya misheni na ya wafanyabiashara, ambapo mtu aliyetaka kumpasha ndugu yake habari ya msiba alilazimika kuinena mbele ya kila aliyekuwa akisikiliza katika wimbi lile. Vita vya mwaka 1998 vilipotufikia, na Kindu, mji mkuu wa Maniema, ikaingia mikononi mwa waasi wa RCD mwezi wa Oktoba, nchi ikagawika mapande, na hata njia hizo duni zikawa za hatari, kwani mwenye foni aliweza kudhaniwa jasusi na upande wowote ule.

Ni katika vita hivyo, mwaka 2000, ndipo shirika la Celtel, la Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan aliyepata kufanya kazi katika simu za Uingereza, lilipoingia Kinshasa. Wakati huo mtu wa Kinshasa aliyetaka kusema na mtu wa Brazzaville, miji miwili itazamanayo ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja, maongezi yake yalipitia kwanza Ulaya. Celtel ikaunganisha kingo mbili hizo kwa mawimbi yaliyovuka mto moja kwa moja. Kwa yakini ulikuwa ushujaa wa biashara, na insafu yatutaka tuutaje kabla hatujalaumu lolote.

Lakini ushujaa huo ulikuwa na tegemeo, na tegemeo lenyewe ni malipo ya kabla. Madhali watu wetu hawana anwani wala akaunti ya benki, wala hati ya mshahara ya kumwonyesha mkopeshaji, isingewezekana kuwaletea simu kwa njia ya ankara ya mwisho wa mwezi. Ikawezekana kwa kadi ya kukwangua, ambayo mtu huinunua leo kwa fedha kidogo aliyonayo, akaingiza tarakimu, akapata inite zake, yaani muda wa maongezi. Kadi zile zilishuka kutoka kwa tajiri wa Kindu hadi kwa mwenye duka la Kasongo, zikafungwa katika mizigo ya baiskeli, zikafika kwenye kabini ya kijana aliyekaa chini ya mwavuli wa rangi za Celtel, nyekundu na manjano, ambaye pamoja na kuuza inite alichaji simu za watu kwa jenereta ndogo. Shirika halikumkopesha mtu, wala halikupata hasara ya mdeni aliyetoroka. Mama auzaye mawese sokoni ndiye aliyelikopesha shirika, kwa kulitangulizia malipo, na pale inite au kifurushi kilipokwisha muda kabla hajakitumia, fedha yake ilikwenda pasipo huduma.

Sasa tutazame mauzo. Mwaka 2005 Celtel, iliyokuwa imekwisha kuenea katika nchi kumi na tatu za Afrika, iliuzwa kwa MTC ya Kuwait kwa takriban dola za Marekani bilioni 3.4. Mwaka 2007 MTC ikajiita Zain, na mwezi wa Agosti 2008 jina hilo likabandikwa huku Afrika mahali pa Celtel. Mwezi wa Juni 2010 Bharti Airtel ya India, shirika la Sunil Mittal, ilikamilisha ununuzi wa milki ya Zain katika nchi kumi na tano za Afrika, kwa thamani ya dola bilioni 10.7, na kabla ya mwaka kwisha miavuli ikageuzwa rangi kwa mara nyingine. Mwaka 2016 minara mingi ya Airtel nchini Kongo ikauzwa kwa Helios Towers, shirika lenye kukodisha minara, hata ikawa mwenye simu na mwenye mnara ni watu wawili mbalimbali. Mwezi wa Juni 2019 hisa za Airtel Africa zikaanza kuuzwa katika soko la London, ilhali Bharti ikibaki na sehemu kubwa. Wala Airtel si peke yake katika ada hiyo: Congo Chine Telecom, iliyokuwa ya ZTE ya China pamoja na serikali yetu, ilinunuliwa na Orange ya Ufaransa mwaka 2011, na Orange hiyo hiyo ikaitwaa Tigo mwaka 2016.

Msomaji aizingatie hesabu moja. Katika mauzo ya mwaka 2010 wateja walioambatana na shirika walikuwa takriban milioni 42. Ukizigawanya dola bilioni 10.7 kwa idadi hiyo, utaona kwamba kila mteja, awe wa Lagos au wa Kasongo, alileta katika bei ile kiasi cha dola 250. Sikatai kwamba wenye shirika nao walitia rasilmali yao, wakaongeza nchi na mitambo, na kwamba bei ile ilikuwa ya leseni na minara na jina pia. Lakini leseni isiyo na wateja ni karatasi, na mnara usiopigiwa na mtu ni chuma kilichosimama. Kilichokuwa na thamani machoni pa mnunuzi ni desturi ya mamilioni ya maskini ya kununua inite kila siku, na desturi hiyo walioijenga ni wao.

Je, wenye desturi hiyo walipata nini? Tusiwe watovu wa shukrani, kwa kuwa walipata mengi. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja, na mwaka uliofuata Kongo ikatiwa ndani yake, hata mfanyabiashara aliyevuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma akaweza kupiga simu nyumbani kwa laini yake ileile. Baadaye zikaja njia za kutuma fedha kwa simu, ambazo kwa mji ulio mbali na benki ni neema kubwa: mtoto anayesoma Kindu hupelekewa ada yake pasipo mtu kubeba noti katika njia zenye wanyang'anyi.

Ila neema hiyo aghalabu hukoma pale mji unapokoma. Kasongo mjini mtu anaweza kuchagua kati ya laini moja na nyingine. Lakini akishika njia ya mashariki kuelekea Kabambare, huingia katika nchi ambako rezo, yaani mtandao wa simu, hupatikana kwa kupanda kilima, na kijiji baada ya kijiji hakina kabisa. Wala hakuna shirika, liwe la jina gani, linaloweza kusema kwamba limekwisha kutimiza wajibu wake kwa Wabangubangu na Wabuyu wa huko. Kila mnunuzi mpya alikuja na jina jipya na rangi mpya. Ramani ya vijiji vilivyo kimya ilibadilika kidogo tu. Na ukimya huo una gharama yake: mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana wa kumwitia pikipiki, na kijiji kilichovamiwa na watu wenye silaha hakina njia ya kuomba msaada mpaka mkimbizi wa kwanza afike kwa miguu.

Mashirika yana udhuru, nao si wa uongo. Mnara katika msitu wa Maniema hauna umeme wa kuuwasha. Mafuta ya jenereta husafirishwa kwa njia ambazo masika huzifanya matope, kwenye madaraja yaliyooza. Na karibu na Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, silaha hazijanyamaza. Mwenye mali hawezi kulaumiwa kwa kuiogopea mali yake. Lakini udhuru huo wamhusu mfanyabiashara anapoamua peke yake kwa fedha yake peke yake. Haumhusu anaponunua leseni ya taifa zima, iliyotolewa ili kuwahudumia watu wote, na akainunua kwa bei iliyokwisha kuhesabu ndani yake fedha walizotanguliza wateja.

Wala serikali yetu isiseme kwamba haina mkono wa kufika huko. Mwezi wa Septemba 2020 ilianzisha tozo ya RAM, iliyokatwa moja kwa moja katika inite za mteja, dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo na dola saba kwa simu za intaneti. Na ijapokuwa kilio cha wananchi kiliifanya ifutwe mwaka 2022, ilibaki dhahiri kwamba serikali yaweza kuifikia simu ya mnyonge kabisa inapotaka kuchukua. Basi iifikie pia inapopaswa kutoa.

Tatizo ni kwamba katika mauzo haya kilichouzwa hakikuwa leseni ya Kinshasa. Ilikuwa kampuni mama iliyosajiliwa Uholanzi, na mwenye leseni wa huku akabaki kwa jina lile lile katika vitabu vya serikali ilhali mwenye mali amekwisha kubadilika. Nchi nyingine zilikataa kudanganywa na umbo hilo. Gabon mwaka 2010 ilipinga hadharani mauzo ya Zain kwa kuwa haikuombwa idhini kwanza. Na Uganda iliidai Zain kodi ya faida ya mauzo hayo, kwa hoja kwamba mali yenyewe iko Uganda hata kama karatasi zimetiwa saini Ulaya, na Mahakama ya Rufani mwaka 2014 ikakubali kwamba mamlaka yake ya kodi yana haki ya kudai.

Kwa hiyo natoa shauri la mambo matatu. La kwanza, sheria itamke kwamba mabadiliko yoyote ya umiliki, hata yakifanyika katika kampuni mama iliyo ng'ambo, yahitaji idhini ya mamlaka yetu ya mawasiliano, ARPTC. La pili, idhini hiyo isitolewe pasipo orodha ya vijiji, wilaya kwa wilaya, ambavyo mnunuzi amejifunga kuvifikishia mawasiliano kwa tarehe maalumu, na orodha hiyo isomwe hadharani Kindu, Kasongo na Kabambare, ili kila mtu aijue na aidai. La tatu, mfuko wa huduma kwa wote, ulioamriwa na sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020, utumike kubeba ile sehemu ya gharama ambayo biashara peke yake haiwezi kuibeba: minara ya nguvu za jua, itumiwayo na mashirika yote kwa pamoja, badala ya kila shirika kusimamisha wake pale penye wateja wengi na kupaacha penye wachache.

Haya si ya kuwafukuza wenye mali, kwani nchi isiyo na rasilmali ya wageni wala ya wenyeji haiendelei. Ni ya kuwakumbusha kwamba wana dhima kwa aliyetanguliza fedha yake. Wabunge wa Maniema, wa Kinshasa na wa Kindu, wana uwezo wa kulifikisha jambo hili barazani kabla shirika lolote halijauzwa tena. Na ninyi wasomaji, machifu na walimu, masheikh na mapadre, wauza inite na wanunuzi wake, andikeni ardhilhali, mzitaje kwa majina sehemu zenu zisizo na mnara, muwapelekee wawakilishi wenu, na msikubali kujibiwa kwamba mwenye shirika yuko mbali.