Mtoto wa masomo anayejikojolea mchana



Mkutano ulipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma, akatuambia kwa sauti ya chini: "Binti yangu ana miaka 8. Anarudi kutoka masomo sketi ya bluu imelowa, sweta amelifunga kiunoni ili kuificha. Nimemchapa, nimemnyima maji, haikusaidia. Sasa anakataa kwenda masomo." Kwa ruhusa yake tulileta jambo hilo kwenye kikundi bila kutaja jina. Wamama wengine wawili wakasema: "Na kwetu pia."

Tulimshauri amuulize mtoto, bila ukali, kuhusu choo cha masomo. Jibu lilikuwa fupi: hakina mlango, na wavulana wanachungulia. Kumbe mtoto anabana mkojo tangu saa moja ya asubuhi mpaka saa sita. Kibofu kikijaa kupita kiasi, hakingoji ruhusa ya mtu. Huo si ukaidi, wala si uvivu. Fimbo inaongeza woga tu.

Kumnyima maji nako kunaharibu. Mkojo unakuwa mzito na kuwasha kibofu, haja kubwa inakuwa ngumu, na haja ngumu tumboni inakandamiza kibofu.

Basi tufanye hivi:

Mtoto aende kukojoa kwa saa, asingoje kubanwa: akiamka, kabla ya kutoka nyumbani, wakati wa mapumziko, akirudi, na kabla ya kulala. Kila saa mbili au tatu inafaa.

Asiharakishe. Akimaliza, ahesabu mpaka kumi, kisha ajaribu tena.

Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Ale papai, maharagwe na sombe ili haja isiwe ngumu.

Tumwekee nguo ya ndani ya akiba na kifuko katika mkoba. Akilowa, abadilishe bila kelele. Tumsifu kwa kwenda chooni, hata siku ambayo amelowa.

Tuongee na mwalimu faraghani, ili mtoto akiinua mkono aachwe atoke.

Tumpeleke kituo cha afya akisikia maumivu anapokojoa, akiwa na homa, mkojo ukiwa na damu, au mkojo ukidondoka muda wote. Akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana na kukonda, tusingoje hata siku moja: inaweza kuwa ugonjwa wa sukari.

Na yule aliyekuwa mkavu miaka mingi, akaanza ghafula? Naye apimwe. Tena tukae naye, tumsikilize. Pengine amekimbia vita, amefiwa, au kuna mtu anayemtendea vibaya. Akituambia, tumwamini na kumlinda.

Mama yule aliweka fimbo chini. Majuma ya kwanza yalikuwa magumu: leo mkavu, kesho amelowa. Sasa siku kavu ni nyingi kuliko zile nyingine, na mtoto amerudi darasani.

Lakini saa na maji peke yake visingetosha. Wamama watatu walikwenda kumwona direkta, kikundi kikachanga mbao na bawaba, na baba mmoja fundi akafunga mlango kwenye choo cha wasichana.

Juma hili, kila mama amuulize mtoto wake: "Choo cha masomo kikoje?" Tuletee jibu mkutanoni.