Ukitaka kutisha, punguza sauti!

Leo naomba tuyaache madisko yetu kidogo tuvuke bahari, maana nimepigiwa simu na mshkaji wangu mmoja aliyehamia Minneapolis, kule Marekani, na kesi aliyonipa si ndogo.

Basi bwana, kule kila tarehe 31 Oktoba kuna kitu kinaitwa Halloween, mkesha wa Watakatifu Wote. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland ndio walioipeleka huko karne ya 19. Watoto wanavaa kama mizuka na vibwengo, wanapita nyumba hadi nyumba na ndoo zao kudai pipi. Ukiwasha taa ya kibarazani, maana yake karibuni. Wenye mbwembwe wanaongeza boga lililochongwa macho na muziki wa kutisha.

Mwaka jana mshkaji akajitutumua. Dogo wake wa miaka saba akakaa mlangoni na beseni la pipi, baba mtu akatoa spika nje, akafungulia saa mbili nzima za mayowe, ngurumo za msumeno wa moto na vicheko vya wachawi, sauti fulu! Ikawa kasheshe. Vitoto vya miaka minne viliangua kilio kabla ya kufika kwenye ngazi, mama zao wakavishika mkono wakavukia upande wa pili. Saa tatu usiku beseni liko vilevile, na dogo akauliza kama watu hawaji kwa sababu wao ni wageni pale mtaani.

"Kaka, hapo nilikosa jibu," ananiambia. Mwaka huu anataka muziki wa vyombo vitupu, usio na maneno wala mayowe, utakaomsisimua mtoto mwili mzima lakini ngazi azipande.

Nikamwambia, ndugu yangu, wewe ulikuwa unapiga kelele, hukuwa unatisha. Mtu akipiga yowe umeshajua hatari iko wapi, unakula kona. Kinachoganda kwenye mgongo ni kile kinachokuja ambacho hujakiona. Chukua filamu ya Jaws ya mwaka 1975. John Williams alimpelekea Steven Spielberg noti mbili tu za besi, zinarudiwarudiwa, na Spielberg akadhani anataniwa. Kumbe papa wao wa bandia alikuwa kimeo, anaharibika kila mara, haonekani sana. Zile noti mbili ndizo zikawa papa mwenyewe.

Lakini kibao cha kuanzia kiwe kile cha filamu yenyewe iitwayo Halloween, ya mwaka 1978. Mwongozaji wake, John Carpenter, aliwahi kumwonyesha ofisa mmoja kijana wa kampuni ya filamu kabla ya kuweka muziki, na yule dada hakutishika hata chembe. Carpenter akaona atakufa njaa, akakaa kwenye kinanda mwenyewe na kuimaliza kazi kwa siku tatu hivi. Na siri ya kile kibao ni hesabu. Nyimbo nyingi tunazozicheza zinakwenda nne nne, mguu unajua utatua wapi. Hiki kinakwenda tano tano, pigo ambalo baba yake, mwalimu wa muziki, alimfundisha utotoni kwa kupiga bongo. Hebu jaribu kutembea ukihesabu moja mpaka tano. Hatua ya kuanzia inabadilika kila duru, mara kulia mara kushoto, unajihisi kama kuna mtu nyuma yako. Hakuna yowe hata moja mle, na mtoto anaweza kusimama akasikiliza.

Baada ya hapo aweke mwanzo wa Tubular Bells, ya mwaka 1973. Mike Oldfield aliirekodi akiwa kijana wa miaka 19, vyombo vingi akipiga mwenyewe, na hakuwa na habari za mashetani. Filamu ya The Exorcist ndiyo iliyoichukua mwaka huohuo na kuitia nuksi. Kile kinanda kinazunguka kitamu kabisa, ila unahisi kuna pigo limeibwa.

Zile fidla za Psycho ya mwaka 1960 aziache. Ni kali ile mbaya, kazi ya Bernard Herrmann, lakini ni kisu kilekile, na yatamrudia ya mwaka jana. Kinanda cha kanisani cha Bach nacho kimetumika kwenye filamu nyingi mno, siku hizi watu wanacheka (mimi mmojawapo).

Spika asiiweke kibarazani tena. Aiweke ndani, dirisha wazi kidogo, sauti ya chini, ili mtoto aisikie akishafika ngazi ya kwanza, wakati pipi tayari anaziona. Na kati ya kibao na kibao aache ukimya wa kama nusu dakika. Hapo ndipo watakapoongea kwa kunong'ona wenyewe.

Cha kufungia ni Danse macabre ya Mfaransa Saint-Saëns, ya mwaka 1874, dakika kama saba. Kinubi kinagonga mara kumi na mbili, saa sita ya usiku. Kifo anashika fidla ambayo uzi wake mmoja umelegezwa makusudi ili ulie vibaya, wafu wanatoka makaburini kucheza, na marimba zinapiga mifupa yao. Wanajimwaga weee, mpaka zumari la Kizungu linawika kama jogoo na wote wanaingia mitini.

Akilisikia hilo jogoo, dogo azime taa ya kibarazani na aangalie beseni limebaki na pipi ngapi. Mshkaji ameahidi kunipigia usiku huohuo, huku itakuwa asubuhi. Simu naiacha wazi.